Balbu ya Tano

Kila siku ya shule, ikifika saa tisa alasiri, Kiulizo alikuwa na safari moja. Alipitia nyumbani akavua sare, akala chakula alichofunikiwa na mama yake, kisha akavuka barabara kwenda kumsomea gazeti Bibi Mkunga. Alisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, matangazo ya vifo pia, maana Bibi alitaka kujua ni nani kati ya aliowapokea duniani ambaye ametangulia kuondoka.

Kiulizo si jina alilopewa na wazazi wake. Alipachikwa akiwa darasa la pili na mwalimu ambaye kila akigeuka kutoka ubaoni aliukuta mkono wa msichana yule uko juu. Kwa nini chaki ni nyeupe? Kwa nini saba mara nane ni sawa na nane mara saba? Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na mkono haukuwa umeshuka.

Bibi Mkunga hakuwa bibi yake wa damu, lakini ndiye aliyempokea mama yake duniani, akampokea na yeye. Alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno mengi na kicheko kikubwa. Mtu akijifanya mkubwa mbele yake, alimwambia, “Wewe nakujua tangu hujavaa nguo,” na majivuno yote yakaisha. Miezi miwili nyuma alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari akamwonya asikae kwenye mwanga mkali mpaka macho yapone vizuri. Kwa hiyo sebuleni kwake mapazia yalifungwa mchana kutwa, na taa ziliwashwa kwa mwanga mdogo, wa kumtosha mtu kusoma bila kumchoma Bibi macho.

Swichi ya taa hizo ilikuwa ya duara, kando ya mlango. Ukiizungusha kulia mwanga unaongezeka, ukiizungusha kushoto unapungua. Zamani dari lilikuwa na balbu nne za kizamani, zile zenye uzi mwembamba ndani, zinazokula umeme mwingi na kutoa joto jingi. Mtoto mkubwa wa Bibi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kontrakta kwa sababu ya kazi yake ya ujenzi, alimwita fundi azitoe na kuweka nne mpya za LED. Fundi huyo alikuwa mama yake Kiulizo.

Mama alikuwa fundi umeme hodari. Hata hivyo, wapo watu waliomkuta juu ya ngazi, bisibisi mkononi, wakamuuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Alikwisha kuzoea, lakini hakupenda. Kontrakta alikuwa amempa kazi ile ya sebule kama jaribio. Taa zikimpendeza Bibi, alisema, Mama atapewa ukumbi mpya wa shule, wenye taa zaidi ya arobaini na swichi za duara za aina ileile. Mama hakuwahi kupata kazi kubwa kiasi hicho. Jina lake kama fundi lingejengeka au kubomoka kwenye sebule ya Bibi Mkunga, na nyumbani kwao kila mtu alilijua hilo.

Wiki mbili za mwanzo taa zilikuwa shwari. Bibi alizisifu mpaka akachoka.

Jumatatu moja mwewe alimchukua kuku wa Bibi, akaacha vifaranga sita vya siku tatu. Zilikuwa siku za baridi, navyo vilikusanyika kwenye kona ya ua vikitetemeka. Bibi alisema kwa macho yale hawezi kulea vifaranga, Kiulizo avichukue vyote viwe vyake, na achukue boksi stoo la kuvibebea. Kiulizo alifurahi hata akasahau kuuliza swali.

Stoo ilikuwa chumba chembamba nyuma ya ukuta wa mbao wa sebule. Mlango wake ulikuwa umejificha nyuma ya kabati la vyombo, na ulifunguliwa mara chache sana. Kiulizo alipoufungua alikuta ndani hamna giza. Ukutani, nyuma ya maboksi, ilikuwa inawaka balbu moja ya kizamani, kwa mwanga mdogo wa rangi ya chungwa. Akasogeza mkono karibu nayo, akahisi joto.

Papo hapo wazo likamjia. Vifaranga bila mama vinahitaji joto, na balbu za LED hazina joto la maana. Nyumbani walikuwa na taa ya mezani. Angeifunga balbu kama hii, akaiweka juu ya boksi, vifaranga vingelala kama chini ya mbawa. Balbu za namna hiyo zilikuwa zimeadimika madukani, na zile nne zilizotolewa sebuleni Kontrakta alikwisha kuzitupa. Hii moja ilikuwa inawaka bure, inaangaza maboksi.

Alirudi sebuleni kuomba, akamkuta Bibi amesinzia kitini, miwani pajani. Hakutaka kumwamsha. Alijiambia atamweleza kesho. Nyumbani kwao kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa, kwamba mtoto hagusi balbu wala waya bila mtu mzima, lakini Kiulizo alijiona yeye ni mtoto wa fundi. Akaizima swichi ya sebule. Balbu ya stoo nayo ikazimika. Siku nyingine yoyote angejiuliza kwa nini. Siku hiyo aliwaza vifaranga tu. Alisubiri ipoe, akaizungusha kwa kitambaa mpaka ikatoka, akaondoka kwa kunyata bila kuwasha taa.

Jioni Mama alikuta boksi kona ya jikoni, taa ya mezani juu yake, na vifaranga vimelala kwa raha zao.

“Hii balbu umeitoa wapi?” aliuliza.

“Nimepewa,” alijibu Kiulizo.

Vifaranga alipewa kweli, na boksi alipewa. Alijiambia kwamba neno hilo lilikuwa la kweli kwa sehemu kubwa. Mama hakuwa na tabia ya kumhoji mtoto aliyemwamini, akacheka, akaenda kunawa mikono.

Kesho yake Kiulizo alipofika kwa Bibi, alimkuta amefunika macho kwa kanga.

“Mjukuu wangu, hizi taa zinanikonyeza tangu jana jioni,” alisema Bibi. “Umri huu nikonyezwe na taa.”

Kiulizo alicheka, kisha akatazama juu. Kweli, taa zote nne zilikuwa zinapepesa. Hazikuzimika, ila mwanga wake ulirukaruka haraka, unapanda na kushuka bila kutulia. Aliizungusha swichi mpaka mwisho wa kulia, zikatulia, lakini mwanga ulikuwa mkali na macho ya Bibi yakaanza kutoa machozi. Akazirudisha chini, zikaanza tena. Siku hiyo hawakusoma gazeti. Ile habari ya balbu aliyokuwa ameipanga kumweleza Bibi ilibaki kinywani.

Mama alikuja alasiri ileile na mkoba wake wa kazi. Alizima swichi kuu ya nyumba, akapanda ngazi, akakaza balbu moja moja. Alipowasha, taa zilipepesa. Jumatano alileta balbu nne nyingine kutoka boksi jingine, akazibadilisha zote, na zote zikapepesa vilevile. Alhamisi aliifungua swichi ya duara. Akapima kwa testa, akakaza kila skrubu, akaangalia kama kuna waya uliolegea au kuungua. Akawasha taa za vyumba vingine, zikawaka vizuri, kumaanisha umeme unaoingia nyumbani hauna shida. Kiulizo alimshikia ngazi. Kila Mama aliposhuka na kuwasha, wote wawili walitazama juu, na kila mara taa ziliwajibu vilevile.

“Bibi, kuna kitu chochote kilichobadilika humu ndani tangu Jumapili?” Mama aliuliza mwishowe.

“Kilichobadilika ni kwamba sina kuku,” alijibu Bibi.

Mama alicheka kidogo, akageuka kuutazama tena ukuta. Kiulizo alikazia macho vidole vyake vya miguu. Hakujua balbu ya stoo inahusiana vipi na taa za sebule, lakini lile swali lilimchoma. Kitu kilikuwa kimebadilika, na yeye ndiye aliyekibadilisha.

Kontrakta aliingia Mama akiwa bado anakusanya vifaa. Alimsalimu mama yake, akazitazama taa, akazungusha swichi mara mbili tatu. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa haraka. Alisema mama yake amekaa siku tatu gizani na kichwa kinamuuma. Jumamosi asubuhi atakuja, na akikuta taa bado zinacheza, ataleta fundi mwingine ang'oe kila kitu, na ukumbi atampa huyohuyo.

“Fundi, sitaki maneno mengi,” alimalizia. “Nataka taa zitulie.”

“Jumamosi nitakuwa hapa kabla yako,” alisema Mama, wala hakupepesa jicho.

Nyumbani, Mama alikaa mezani na daftari lake la kazi. Alikuwa na desturi ya kuandika kila tatizo, sababu zote zinazowezekana, kisha kukata moja baada ya nyingine mpaka ibaki ile ya kweli. Alipokwenda kupika, Kiulizo alilivuta daftari akasoma. Balbu kulegea, imekatwa. Balbu mbovu, imekatwa. Waya wa swichi, imekatwa. Umeme wa nje, imekatwa. Mstari wa tano uliandikwa: “Mzigo mdogo? Nyuma ya swichi pameandikwa wati 40 hadi 400. Balbu nne za wati 7 ni 28.” Huo nao ulikuwa umekatwa kwa kalamu nzito, na pembeni pameandikwa: “Si hii. Wiki mbili zilikuwa shwari kwa balbu hizihizi nne.” Mstari wa mwisho haukuwa umekatwa. Ulisema kuna kiungo kimelegea juu ya dari, na kwamba Jumamosi itabidi dari lipasuliwe.

Kiulizo alimfuata mama yake jikoni akamuuliza mzigo mdogo maana yake nini. Mama, ambaye hajawahi kumnyima mtoto wake jibu, alimweleza huku akikoroga sufuria. Swichi ile ya zamani ilitengenezwa kwa ajili ya balbu zinazokula umeme mwingi. Ukiipa balbu zinazokula kidogo mno, haitulii. Ni kama mzani wa kupimia magunia ukiuwekea kijiko cha chumvi, mshale unatikisika tu, haujui usimame wapi.

“Lakini sababu si hiyo,” alisema Mama. “Ingekuwa hiyo, zingepepesa tangu siku ya kwanza.”

Kiulizo alirudi akachuchumaa kando ya boksi la vifaranga. Jumatatu alipozima swichi ya sebule, balbu hii nayo ilizimika. Kwenye kichwa chake paliandikwa 60. Sitini na ishirini na nane ni themanini na nane. Themanini na nane imezidi arobaini. Ishirini na nane haijafika. Sebule ya Bibi ilikuwa na taa tano, si nne, na ile ya tano ndiyo iliyokuwa inaishibisha swichi. Mama alikuwa amelishika jibu mkononi, kisha akalitupa, kwa sababu mtu mmoja alimnyima habari moja. Mtu huyo ni yeye.

Usiku ule Kiulizo hakula vizuri. Alijua la kufanya lilikuwa kusema. Lakini kusema kulikuwa na mambo matatu ndani yake, kwamba alichukua bila kuomba, kwamba aligusa umeme, na kwamba alidanganya. Kila alipofungua kinywa aliyaona yote matatu yamejipanga, akafunga. Ndipo akapata njia ya mkato. Balbu ikirudi mahali pake, taa zitatulia. Mama atapata ukumbi, Bibi atapata mwanga wake, na hakuna atakayejua.

Ijumaa alirudi mbio kutoka shuleni. Alijaza maji ya moto kwenye chupa mbili, akazifunga kwa vitambaa vinene, akaziweka katikati ya vifaranga. Aliichomoa taa ya mezani, akasubiri balbu ipoe, akaitia kwenye mkoba wa shule. Kwa Bibi mambo yalikuwa rahisi. Bibi alikuwa amelala chumbani kwake na taa zote zimezimwa. Kiulizo aliingia stoo na tochi, akairudisha balbu, akaufunga mlango. Kisha akazungusha swichi ya sebule kidogo, pole pole. Taa zote nne ziliwaka kwa mwanga mpole, na hakuna hata moja iliyotikisika.

Alitarajia kufurahi. Alijisikia tu amechoka.

Jumamosi asubuhi Mama alifika na ngazi, nyundo, na turubai la kufunikia viti. Kiulizo alibeba ndoo ya vifusi. Kabla ya kupasua chochote Mama aliwasha taa azione mara ya mwisho. Zilitulia. Alizishusha, akazipandisha, akazishusha tena hadi karibu kuzimika. Bibi alitoka chumbani, akaketi kitini pake, akasema afadhali, zimeacha utani. Kontrakta alipoingia aliikuta sebule imetulia na mama yake anatabasamu. Alisimama chini ya taa muda mrefu kuliko kawaida yake.

“Fundi, nakuvulia kofia,” alisema. “Jumatatu njoo uanze ukumbi.”

Hapo ndipo Mama alipofanya jambo ambalo Kiulizo hakulitegemea. Aliweka nyundo chini akajifuta mikono, ingawa haikuwa na vumbi.

“Sikuzitengeneza mimi,” alisema. “Nimezikuta hivi. Kitu kilichotengemaa chenyewe kitaharibika chenyewe, na ukumbini kwako nitafunga swichi kama hizi na balbu kama hizi. Siwezi kuanza kazi yako wakati hii sijaielewa. Nipe muda nipasue dari nitafute.”

Kontrakta alikunja uso. Alisema muda hana, mafundi wa rangi wanaingia ukumbini wiki ijayo, na kama Fundi haitaki kazi aseme wazi, wanaoitaka ni wengi. Mama alimjibu kwamba anaitaka sana, kuliko anavyojua. Lakini hataipokea kwa sifa isiyo yake. Sauti yake ilitetemeka kidogo mwishoni, na Kiulizo hakuwahi kuisikia ikitetemeka.

Kontrakta akageuka kuelekea mlangoni. Kiulizo alimwona mama yake akiinama kuokota nyundo, tayari kupasua dari lisilo na kosa, baada ya kuikataa kazi aliyoingojea kwa sababu hakutaka kusema uongo mdogo tu. Naye, bintiye, alikuwa amesimama palepale na ndoo, ukweli wote anao. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alijikaza.

“Mama, usipasue,” alisema. “Ni mimi.”

Wote watatu walimgeukia. Kontrakta alisimama na kitasa mkononi. Kiulizo alianza kulia kabla ya sentensi ya pili, lakini hakunyamaza. Alieleza vifaranga, boksi, na balbu ya stoo. Alieleza kwamba aliichukua Bibi akiwa amelala. Alieleza kwamba aliposema amepewa alidanganya. Alieleza hesabu ya themanini na nane, na kwamba jana aliirudisha kwa siri.

Mama alisogeza kabati la vyombo, akafungua mlango wa stoo, akaingia. Balbu ya tano ilikuwa inawaka nyuma ya maboksi. Alikwenda akazima swichi kuu, akaitoa balbu, akawasha. Taa za sebule zikapepesa. Akazima tena swichi kuu, akairudisha, akawasha, zikatulia. Alirudia mara mbili, kama mtu anayehakikisha hesabu. Bibi akakumbuka kwamba marehemu mumewe ndiye aliyepiga ukuta ule wa mbao kuikata sebule apate stoo, na taa ya upande ule hakuihamisha waya.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema Kontrakta. “Kumbe siku zote aliyekuharibia ni mwanao.”

“Mwanangu alikosea, na nitazungumza naye,” alisema Mama. “Lakini na mimi nilikosea. Nilihesabu taa kwa kutazama juu, sikufungua kila mlango. Fundi anayefungua kila mlango angeiona hii siku ya kwanza. Ukumbini nitaanza kwa kuchora kila taa na kila waya ndipo nishike bisibisi, yaani kama bado ukumbi upo.”

Kontrakta alikuna kidevu. Alisema ameajiri mafundi wengi maishani, na wengi wamemwambia “nimetengeneza” wakati hawajatengeneza. Huyu ni wa kwanza kumwambia “sikutengeneza” wakati imetengemaa. Akauliza dawa ya sebule ni nini. Mama akaeleza kwamba kuiacha ile balbu kuukuu stoo si dawa, maana siku ikiungua matatizo yatarudi. Dawa ni kubadilisha swichi, kufunga ya kisasa inayoridhika na wati chache. Kontrakta alimwambia aifunge leo hii, na Jumatatu saa moja asubuhi amkute ukumbini. Kisha akatoka kwa haraka yake ya kila siku.

Mama alimwita Kiulizo wakaketi kwenye ngazi ya mlangoni. Hakufoka, na hilo lilimuuma Kiulizo zaidi. Alimuuliza kama alijua kwa hakika kwamba swichi ya sebule ilikata umeme wote wa holda ile iliyoshika balbu. Kiulizo akakiri hakujua. Holda ile ina umri mkubwa kuliko Mama mwenyewe, alisema, iko kwenye chumba ambacho hakuna anayejua waya zake, na mtoto anaingiza mkono kwa sababu balbu imezimika. Kama waya wa njia nyingine ungepita pale, leo watu wangekuwa wamekuja nyumbani kwa jambo jingine. Kiulizo alilielewa hilo, akasogea karibu na mama yake. Adhabu yake ilikuwa kwamba kwa mwezi mzima hatamsindikiza Mama kazini, hata ukumbini, mahali alipotamani kwenda kuliko kokote. Na alilipe deni moja, amwombe Bibi msamaha yeye mwenyewe, Mama akiwa hayupo.

Mama alikwenda dukani kununua swichi. Kiulizo aliingia sebuleni, akapiga magoti mbele ya kiti, akaomba msamaha. Bibi Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema amemsamehe, na swichi mpya ikishafungwa balbu ni yake, vifaranga visije vikafa kwa makosa ya watu. Kisha akamwambia asinyanyuke kwanza.

“Unajua kwa nini wahenga walisema mficha uchi hazai?” aliuliza.

Kiulizo alisema anajua, ni methali ya darasa la tano.

“Basi mimi niliifanyia kazi miaka thelathini na miwili,” alisema Bibi. “Siku moja aliletwa mama mmoja, hali yake mbaya, inaniponyoka mikononi. Namuuliza, umekunywa dawa gani? Anasema sijanywa kitu. Kumbe alipewa dawa na mtu huko alikotoka, na anaona aibu kusema. Basi nikahangaika. Natafuta ugonjwa usiokuwepo, na uliokuwepo unaendelea na kazi yake. Si kwamba sikuwa hodari. Nilikuwa hodari sana. Lakini fundi, daktari, mkunga, hata mwalimu, ujuzi wake unatembea juu ya kile alichoambiwa. Ukimficha, umemfunga kitambaa machoni, halafu unamwambia, haya, tafuta.”

Kiulizo aliogopa kuuliza, lakini kutouliza hakukuwa tabia yake.

“Alikufa, Bibi?”

“Hakufa. Alikuwa na mdogo wake, msichana wa umri wako, amesimama mlangoni. Watu wa kwao walikuwa wamemkataza kusema. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, machozi yanamtoka kama wewe leo. Akasema.” Bibi alitafuta kichwa cha Kiulizo kwa mkono, akakishika. “Alichelewa, na kwa kuchelewa kwake dada yake aliumia zaidi ya ilivyolazimu. Mkweli akichelewa, wengine ndio wanaolipa. Lakini alisema, nami nikajua la kufanya, na mama na mtoto wakaishi. Nyanyuka sasa, mjukuu wangu. Safari ijayo usingoje mtu akamate nyundo.”